Pipa Linaloguna Mbele ya Wakwe

Kwa Ndugu Meneja,
Kiwanda kidogo cha bia, nyuma ya gereji, mlango wa bluu.

Kuhusu: Utovu wa adabu wa pipa lenu namba nne

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu, na natumaini shayiri yenu haijambo. Mimi mwili wangu ni mzima. Heshima yangu ndiyo imelala kitandani, na aliyeilaza ni mtumishi wako. Nasema mtumishi kwa kuwa sijui mmempa cheo gani. Ni pipa.

Nijitambulishe, ingawa nadhani umekwisha kusikia habari zangu. Mimi ndiye yule mjomba mwenye masharubu aliyekuja Jumamosi na msafara wa watu wa posa. Hapa mjini wananiita Mashahidi Wapo, kwa sababu kila nikimaliza kusimulia jambo husema mashahidi wapo, na kweli wapo, ila wengi wamehama. Shule niliishia darasa la saba, lakini la saba la enzi zetu, ambalo ukilipima na elimu ya leo ni chuo kikuu kasoro joho. Kwa hiyo barua hii nimeiandika mwenyewe bila msaada, isipokuwa pale mke wangu anapopita nyuma yangu na kusoma juu ya bega.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ameposwa na mpika bia wenu, yule kijana mrefu ambaye mikono yake hunukia mkate. Kabla ya kikao cha wazee, watu wa upande wa kijana wakaomba tukutane kwanza kiwandani kwenu, tuzunguke, tuone kazi yake, tuonje kidogo, tuzoeane. Nikasema vyema. Kikao chenyewe ni Jumapili ijayo, na upande wetu lazima uwe na msemaji. Msemaji ni mjomba. Mpaka tunaingia kwenye mlango wenu wa bluu, msemaji nilikuwa mimi. Ninapoandika barua hii, ukoo mzima umegeuza shingo unamtazama mdogo wangu, mwalimu wa hesabu, ambaye kwa bahati mbaya naye ni mjomba. Huyu ni mtu wa kusema maneno machache kwa wiki, na mengi kati ya hayo ni "naam." Msichana nimemlea mimi, nimemkuza mimi, halafu siku ya kumsemea nikae nyuma niwapangie watu viti? Haya yote chanzo chake ni pipa. Sasa nakuorodheshea makosa.

1. Wavu wa ndevu.

Pale mlangoni dada yenu mwongozaji alimpa kila mtu viatu vya mpira na wavu wa nywele. Nikavaa. Akanitazama usoni, akarudi kabatini, akaja na wavu mwingine mdogo. Ndugu Meneja, masharubu haya yamevuka mipaka ya nchi bila kuulizwa pasipoti. Lakini nikavaa, kwa ajili ya amani. Nilipojiona kwenye ubavu wa tanki nilifanana na samaki aliyevuliwa mdomo peke yake. Mama wa kijana, ambaye ni fundi cherehani, akanisogelea, akanirekebishia, akasema pindo la wavu ule limeshonwa na mtu aliyekuwa akikimbia. Watu wakacheka. Hilo nimelisamehe. Nimeliandika tu ili ujue kwamba mimi si mtu wa kulalamika ovyo.

2. Guno la kwanza.

Ziara ilianza vizuri. Tukaonyeshwa shayiri, tukaonyeshwa mashine ya kusagia, tukaonyeshwa sufuria kubwa kama chumba cha kupanga, inayotoa harufu ya uji uliosahaulika jikoni. Muziki unapigwa, wauguzi wa hospitali fulani wamekuja kumpongeza mwenzao aliyepandishwa cheo, watu wamechangamka. Ndipo tukaingia kwenye chumba cha mapipa. Mapipa sita ya chuma, marefu, matumbo juu, vitako vimechongoka, kila moja limetoa mpira kichwani ukashuka mpaka kwenye ndoo ya maji sakafuni. Dada akaeleza kwamba mle ndani hamira iko hai, inakula sukari, inashiba, na pumzi yake inatokea ndooni kwa mapovu.

Nikaona wageni wanaanza kupiga miayo. Msemaji wa ukoo hawezi kuacha wakwe wapige miayo. Nikaingilia kati na kuwasimulia jinsi nilivyowahi kulishika daraja lisianguke mpaka basi la kwaya likapita, na kwaya yenyewe haikukatiza wimbo. Nilipofika kwenye "nikalishika kwa mgongo wangu," nikatulia kidogo ili liwaingie. Ndoo ya pipa namba nne ikasema: mmh.

Usiniambie ni maji. Mlio wa maji naujua, nimeoga miaka mingi. Hili lilikuwa guno, lile la shangazi aliyeambiwa kwamba nyama ililiwa na paka. Watu wakashika midomo. Nikasema moyoni huenda ni ajali, nikaendelea: na basi lenyewe lilikuwa la ghorofa mbili. Likaguna mara mbili, moja kwa kila ghorofa.

3. Ubaguzi.

Yale mapipa mengine matano, hata namba sita ambalo sura yake ni ya kihuni, yalikuwa yanatoa mapovu yao kwa mpangilio, kila moja na shughuli zake. Hili la nne lilikuwa linanisubiri mimi. Nikasema habari za penalti niliyoiokoa bila kuigusa, kwa kuikazia macho tu mpaka mpira ukaona haya ukarudi. Mmh. Nikasema habari za fahali wangu niliyemfundisha kubisha hodi kabla ya kuingia zizini. Nikatulia. Likatulia nalo. Nikashukuru Mungu. Nikaongeza kwamba akikaribishwa alikuwa anafuta miguu. Mmmmh, refu, na mwishoni likapandisha sauti kama linauliza swali.

Hapo wauguzi wakamwacha mwongozaji wao wakahamia kwetu. Mmoja akasema, "Mzee, turudishie lile la fahali, pipa lilikuwa linavuta pumzi." Tangu hapo hakuna aliyenitazama mimi. Mimi nasimulia, wao wameielekea ndoo wakingoja jibu. Ndugu Meneja, mimi ni mtu niliyewahi kusikilizwa na polisi watatu kwa pamoja, na hawakuwa wamenikamata.

Mkwe mtarajiwa akajaribu kunusuru hali. Akasema kwa adabu, "Mjomba, ni gesi tu. Inajikusanya kwenye mpira halafu inatoka kwa mkupuo. Nawe una kawaida ya kunyamaza kidogo kabla ya pale patamu, basi inasikika." Nikamwuliza mbona haijikusanyi akiongea mdogo wangu. Akainama kurekebisha mpira wa ndoo. Ni kweli mdogo wangu alikuwa hajaongea, lakini hilo si jibu.

4. Kukwamisha uchunguzi.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa sayansi, nikaamua kulipima pipa mbele ya mashahidi. Nikasimama karibu nalo, nikasema: leo ni Jumamosi. Kimya. Nikasema: nimevaa viatu vya mpira. Kimya. Nikasema: nina umri wa miaka arobaini na mitano. Mmh.

Mke wangu, ambaye tangu tufike alikuwa hajatoa neno, akaweka mkoba wake chini. Akamwomba dada mwongozaji, kwa sauti ya upole sana, kama inaruhusiwa mgeni kuliuliza pipa maswali yake mawili matatu, hasa kuhusu safari ya kikazi ya mwaka juzi. Nikaupinga utaratibu huo kwa sababu za kiusalama. Chumba kilikuwa na unyevu, na yeye ana kifua.

5. Kumkatiza mtu mzima wakati wa kuonja.

Tukakalishwa mezani, mlango wa chumba cha mapipa ukiwa wazi nyuma yetu. Tukaletewa ubao wenye glasi ndogo ndogo, za kipimo cha dawa ya kikohozi. Dada akasema tunuse, tupige funda, tuseme tunachokisikia ulimini. Mdogo wangu akanusa, akapiga funda, akasema, "Chungu kidogo." Watu wote wakatikisa vichwa kana kwamba ametegua kitendawili cha dunia.

Ikaja zamu yangu. Mimi ulimi wangu umesoma kuliko mwenyewe. Nikasema kwenye glasi ya tatu nasikia moshi, ganda la chungwa, mvua inayokaribia kunyesha juu ya bati, na kwa mbali, dereva aliyeleta shayiri alikuwa amegombana na mtu. Sikufika hata kwenye ugomvi wenyewe. Pipa likanikatiza katikati ya dereva, kutoka chumba kingine, bila hata kusema samahani.

Na ubaya zaidi nikaja kuambiwa baadaye kwamba glasi hiyo ya tatu ilikuwa bia changa, imekingwa moja kwa moja kutoka pipa hilo hilo. Kwa maneno mengine, nimelinywa. Tangu hapo nikiwa naongea na mke wangu tumbo nalo linachangia. Nani atanilipa utulivu wangu?

6. Namba hii imeondolewa. Mke wangu amesoma, amesema haimhusu meneja.

7. Kunyamaza pasipostahili.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Tulikuwa tumerudi kwenye chumba cha mapipa, tunajiandaa kuvua viatu vya watu. Mama wa kijana akanigeukia. Akasema, "Mjomba, ya daraja tumesikia, ya fahali tumesikia. Sasa tuambie habari za binti mwenyewe. Tunaoa kwako, hatuoi kwa fahali."

Nilikuwa na habari tayari. Nilikuwa nimeandaa ile ya siku aliyozaliwa, akafumbua macho, akamsalimia daktari kwa cheo chake. Ni nzuri sana, na imewahi kutoa machozi. Lakini sijui ni zile glasi, sijui ni ule wavu ulionibana mdomo, nikajikuta nasema jingine kabisa. Nikasema kwamba mama yake alipolazwa hospitali, mtoto alihamia kwetu. Mke wangu alikuwa zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha sabuni, kwa hiyo wa kumsuka nywele za kwenda shule nilikuwa mimi. Sikujua kusuka. Nilisuka jinsi fundi umeme anavyofunga nyaya, nakaza mpaka nyusi zinapanda. Shuleni wakamwita Antena. Mwalimu wake akataka kumfumua amsuke upya, mtoto akakishika kichwa kwa mikono miwili akasema hapana, hizi kasuka mjomba. Dada yangu hakurudi kutoka hospitali. Mimi nikaendelea kusuka mpaka mtoto alipojua kujisuka mwenyewe, na hata hapo aliniacha niendelee kidogo, nadhani kwa huruma.

Nikatulia. Safari hii nilitulia kwa makusudi, Ndugu Meneja. Nililitegemea pipa. Nilitaka ligune, watu wacheke, nami nipate nafasi ya kujifuta uso katika vurugu. Kimya. Namba nne kimya, namba sita kimya, muziki nao ukawa umefikia mwisho wa wimbo. Nikajaribu kusema "mashahidi wapo," sauti ikapasuka katikati kama ya mvulana anayebalehe, na kila mtu akaisikia. Pipa lililoniaibisha ziara nzima kwa kelele likaja kuniaibisha kwa ukimya. Mchana kutwa linataka kuongea, likihitajika linafunga mdomo. Huyo ni mfanyakazi wa namna gani?

Basi tuliporudi nyumbani kaka yetu mkubwa akaitisha ukoo. Akasema wakwe wamecheka mno, na posa si mchezo wa kuigiza. Maneno yake ni haya: "Mtu ambaye hata ndoo haimwamini, atatusemea nini?" Wakaafiki. Mdogo wangu akaulizwa kama yuko tayari, akasema "naam." Wakasifia ufasaha wake. Mpwa wangu peke yake ndiye aliyenitetea, lakini bibi harusi hana kura.

Kwa kuwa Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumapili:

(a) Uniandikie barua yenye mhuri kuthibitisha kwamba siku ile pipa namba nne halikuwa na akili zake timamu.

(b) Pipa litengwe kwenye chumba cha peke yake, lisiwaambukize wenzake, mpaka litakapojifunza kusikiliza watu wazima.

(c) Kama (b) haitoshi, na haitoshi, pipa lioshwe vizuri, lipakiwe kwenye gari, liletwe nyumbani kwetu, liombe radhi mbele ya kaka mkubwa. Siombi hotuba. Povu moja la kujutia linatosha, alimradi liwe na huzuni ndani yake.

(d) Bia ya pipa hilo ikikomaa iitwe kwa jina langu, na chupani ichorwe picha yangu nikiwa chini ya daraja. Basi lionekane ghorofa zote mbili.

(e) Mdogo wangu, mwalimu, asimamishwe mbele ya pipa hilo hilo aseme jambo moja tu la maisha yake. Moja tu. Aseme, kwa mfano, kwamba hesabu ni tamu. Tuone.

Usipotekeleza nitalazimika kulifikisha suala hili kwa wakubwa wa mapipa ya nchi nzima, ambao nafahamiana nao binafsi. (Sentensi hiyo nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani nikatega sikio. Hakuna kilichoguna. Kwa hiyo ni kweli.)

Nafunga kwa kukutakia kazi njema. Nisalimie dada mwongozaji, hana kosa. Nisalimie mlinzi wa getini, ndiye mtu pekee aliyenipigia saluti, na akaipiga vizuri. Wasalimie wauguzi kama bado wapo. Niliwaacha hawaonyeshi dalili ya kuondoka. Salamu za pekee kwa mapipa yale matano yaliyolelewa vizuri. Mwambie mkwe mtarajiwa kwamba bia yake ni nzuri na sina kinyongo naye, ila ajue kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na pipa halikujilea lenyewe.

Wako katika kuisaka haki,

Mjomba wa Bibi Harusi (Mashahidi Wapo),
msemaji wa ukoo mpaka Jumapili.

Nakala: Pipa namba nne. Lisomewe polepole.

Tanbihi: Ndugu Meneja, nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha, nimeifungua tena, ndiyo maana imekunjamana. Mpwa wangu ameingia sasa hivi na ujumbe kutoka kwa mama fundi cherehani. Amesikia kwamba tunampeleka mwalimu, na amekataa. Amesema, nami naandika neno kwa neno, "Huyo mwalimu nilimsikiliza mwanzo mpaka mwisho, ni kimya tupu, sijui hata nimshike wapi. Nileteeni yule wa pipa. Yule nilijua kabisa la kweli ni lipi." Kaka mkubwa amekuna kichwa, lakini wakwe wakishataja mtu hakuna rufaa. Msemaji ni mimi.

Kwa hiyo kuanzia (a) mpaka (e) usifanye hata kimoja. Pipa lisitengwe, lisikemewe, lisiguswe. Na ile nakala lisisomewe kabisa, lisije likavunjika moyo. Badala yake nina ombi moja dogo: mtuazime pipa hilo siku ya kikao. Kama ni zito kulibeba, basi wazee wa pande zote mbili tutakuja kuposa huko huko kwenu, tupangiwe viti kuizunguka ndoo. Nimejaribu kusimulia lile la daraja hapa sebuleni bila guno na limeanguka, pamoja na basi na kwaya yake. Mke wangu anaguna vizuri tu, lakini peke yake hatoshi.

Ninachokusihi ni kwamba hamira ilishwe vya kutosha siku hiyo. Nimeandaa mengi.